Kazi za Fizikia Zenye Majina Mengine

Pitia matangazo ya ajira za serikali Tanzania, yale ya Sekretarieti ya Ajira na yale ya taasisi moja moja, utakutana na Mhandisi, Mfamasia, Mkemia, Afisa Vipimo, Mteknolojia wa Mionzi. Neno fizikia utaliona zaidi mahali pamoja, baada ya kistari: Mwalimu Daraja la III C – Fizikia. Mhitimu aliyekaa chuoni miaka mitatu akisoma mekanika, umeme na sumaku, kwanta na fizikia ya nyuklia anaweza kufuatilia matangazo mwaka mzima asione cheo chake, akaamini kwamba alisoma kitu kisichohitajika. Imani hiyo ni potofu, ila inaeleweka, na kabla ya kuipinga ni vyema tuone imetoka wapi.

Imetoka kwenye sheria. Mhandisi ana Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 na bodi inayomsajili. Mfamasia ana baraza lake, wakili ana chama chake, mhasibu ana bodi yake. Sheria hizo zinafanya mambo mawili kwa pamoja: zinamlinda mwananchi dhidi ya mtu asiye na ujuzi, na zinamwekea mwenye ujuzi kiti kilichoandikwa jina. Fizikia haina kiti cha namna hiyo. Mhitimu wake, hata akiijua mitambo kiasi gani, hawezi kusajiliwa kuwa mhandisi kwa shahada hiyo peke yake, na tangazo linalotaka mhandisi aliyesajiliwa limekwisha kumfungia mlango kabla hajaandika barua.

Kwa hiyo anayeuliza "mwanafizikia anaajiriwa wapi" anauliza swali ambalo soko halina jibu lake. Swali linalojibika ni lingine: ni wapi hapa kwetu ambapo mtu akikosea kipimo, mgonjwa anaumia, fedha zinapotea, au jengo linaanguka? Mahali popote pa namna hiyo pana kazi ya fizikia, iwe imeandikwa kwa jina gani. Na karibu kila mahali, ili kuipata, mhitimu atahitaji karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Tuanze na kile ambacho shahada yenyewe inampa. Watu hudhani ni kanuni na milinganyo. Milinganyo ipo vitabuni, na asiyesoma fizikia anaweza kuifungua. Kitu ambacho mwanafunzi wa fizikia anakipata, au anapaswa kukipata, kiko maabara, kwenye jaribio la pendulamu la mwaka wa kwanza. Anafunga kitu kizito kwenye uzi wa mita moja, anakiachia kibembee mara 20, anasoma saa. Mbembeo mmoja unachukua kama sekunde 2, yote 20 kama sekunde 40. Kidole chake kikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye kitufe, amekosea nusu asilimia ya muda, na kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe kwenye hesabu, thamani ya mvutano wa dunia inapotoka kwa asilimia moja. Yaani 9.7 na 9.9 yote ni majibu ya kweli kwa saa ile na kidole kile.

Lakini ukikusanya madaftari ya darasa utakuta wengi wameandika 9.81. Wamepika data. Na waliopika Dar es Salaam wamejifunga wenyewe, kwa sababu 9.81 ni mvutano wa London. Karibu na ikweta, kwa sababu dunia inazunguka na imetanuka katikati, thamani yake ni 9.78. Mwanafunzi aliyeandika 9.7, akaweka pembeni kiasi anachoweza kuwa amekosea na akaeleza kosa limetoka wapi, amejifunza kazi. Aliyeandika 9.81 amejifunza kumfurahisha msahihishaji. Tofauti ya hao wawili haionekani kwenye cheti, lakini ndiyo inayowatenganisha baadaye, na kila kazi nitakayoitaja hapa inaitegemea.

Mahali inapoonekana waziwazi kuliko pote ni hospitali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, inatibu kwa mionzi. Daktari anaamua mgonjwa apate dozi kiasi gani na ielekezwe wapi. Ila daktari hapimi mashine. Anayehakikisha kwamba dozi iliyoandikwa ndiyo inayofika kwenye uvimbe, na kwamba uti wa mgongo ulio jirani unapata kidogo iwezekanavyo, ni mwanafizikia tiba. Chukua mashine ya kobalti-60, ambayo imetumika sana katika nchi zetu. Ndani yake kuna chanzo cha mionzi ambacho hakizimwi. Kinafunikwa na kufunuliwa tu. Chanzo hicho kinapungua nguvu chenyewe usiku na mchana, kiasi cha asilimia moja hivi kila mwezi, na baada ya miaka 5.27 kinabaki nusu. Maana yake ni kwamba mgonjwa ambaye mwaka jana angelala chini ya mashine sekunde 100, mwaka huu kwa dozi ileile anahitaji sekunde 114. Majedwali ya muda lazima yasahihishwe mara kwa mara. Ukisahau, hakuna king'ora kitakacholia na hakuna mgonjwa atakayelalamika, maana mionzi haina joto wala harufu. Uvimbe utarudi tu baada ya miezi kadhaa, na hakuna atakayejua kwa nini.

Mashine mpya za kuharakisha elektroni, zile zinazoitwa LINAC, hazina chanzo kinachopungua, lakini zina mamia ya mambo mengine ya kuhakiki: nishati ya miale, ukubwa wa eneo, usawa wa kitanda, kompyuta inayopanga tiba. Kadiri mashine inavyokuwa ya kisasa, ndivyo kazi ya mwanafizikia inavyoongezeka. Nchi ikiongeza mashine bila kuongeza watu hawa, inanunua hatari. Na mashine ikisimama, tunajua kinachotokea: mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi iliyokuwa hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na taifa zima la Uganda likawa halina tiba hiyo hospitalini mwake mpaka nyingine ilipofungwa.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopotea njia. Shahada ya kwanza ya fizikia haimfanyi mtu mwanafizikia tiba. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linapendekeza shahada ya uzamili ya fani hiyo, kisha angalau miaka miwili ya kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, kabla mtu hajaachwa afanye kazi peke yake. Njia mojawapo inayofahamika ni kozi ya miaka miwili inayoendeshwa kwa pamoja na kituo cha ICTP na Chuo Kikuu cha Trieste, Italia, ambayo mwaka wake wa pili unafanyika hospitalini, na ambayo imepokea vijana wengi wa Afrika. Mtu asichanganye kazi hii na ya mteknolojia wa mionzi, ambaye amesomea kuendesha mashine na kumhudumia mgonjwa na ana usajili wake mwenyewe. Nafasi za fizikia tiba ni chache: Ocean Road, Bugando kule Mwanza, Kenyatta na hospitali nyingine za rufaa za Kenya, na vituo vinavyoanza polepole. Lakini anayefika huko hana washindani mia tano nyuma yake.

Kazi ya pili iko barabarani, na hapa ndipo fizikia na mfuko wa mwananchi vinapokutana. Wakala wa Vipimo, WMA, unajulikana zaidi kwa vita vyake dhidi ya lumbesa, ile tabia ya kujaza gunia mpaka linaota kilemba na kumwibia mkulima kilo nyingi juu ya bei ileile. Kazi yake ni pana zaidi ya hapo: mizani ya madukani na ya pamba, pampu za vituo vya mafuta, mita, na matangi ya magari ya mafuta, ambayo hupimwa Misugusugu, mkoani Pwani.

Tazama tangi hilo kwa karibu. Gari limebeba lita 40,000 za petroli. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja kati ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Gari likipakiwa alfajiri na kufika Dodoma mchana mafuta yakiwa yamepanda nyuzi 10, ndani yake kuna karibu lita 380 zaidi kwa ujazo, ingawa hakuna tone lililoongezwa. Uzito ni uleule. Sasa nani amemwibia nani? Dereva, mwenye kituo na mwenye ghala wanaweza kugombana mpaka kesho, na wote wakawa wakweli, mpaka apatikane mtu anayejua kurudisha ujazo kwenye joto la rejea kabla ya kulinganisha. Vivyo hivyo kwenye pampu: ofisa anajaza chombo cha kipimo cha lita 20, anasoma alama kwenye shingo yake, na anapaswa kujua chombo hicho chenyewe kilihakikiwa lini na kwa kipi.

Swali hilo la mwisho, kilihakikiwa kwa kipi, lina mnyororo wake. Mizani ya sokoni inalinganishwa na jiwe la Wakala, jiwe la Wakala linalinganishwa na la maabara ya taifa ya ugezi, yaani sayansi ya vipimo, iliyoko Shirika la Viwango, TBS, na la TBS linalinganishwa na la nje, hadi kufika kwenye kilo yenyewe ambayo tangu 20 Mei 2019 haitegemei tena kipande cha chuma kilichofungiwa Ufaransa. Inategemea thamani isiyobadilika ya Planck, ambayo mwanafunzi wa fizikia hukutana nayo kwenye somo la kwanta. Sijui kama kuna kazi nyingine nchini inayounganisha gunia la mahindi la soko la Kibaigwa na kwanta kwa mstari ulionyooka namna hii. Maabara za ugezi, za serikali na za binafsi, zinahitajika na viwanda vya dawa, hospitali, migodi na viwanja vya ndege, na mtu aliyesoma fizikia akapata mafunzo ya mfumo wa ubora wa maabara ana mahali pa kugonga hodi.

Upande wa mionzi nje ya hospitali una mamlaka yake. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya tume iliyotangulia, na maabara zake za Njiro, Arusha, zinapima mionzi katika vyakula na bidhaa, zinasoma beji wanazovaa wafanyakazi wa eksirei ili kujua wamepokea dozi kiasi gani, na wakaguzi wake wanazunguka hospitali na migodini. Kenya ina mamlaka ya namna hiyo, KNRA, chini ya sheria ya 2019. Idadi ya watu wanaoajiriwa na tume za namna hii si kubwa, lakini kila anayekaguliwa naye anahitaji mtu wa kushughulikia usalama wa mionzi. Viwanda vya saruji na migodi mingi hutumia vipimo vyenye chanzo cha mionzi kujua uzito na ujazo wa kinachopita kwenye bomba. Bandarini kuna mashine za kupiga picha makontena. Na mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, hauwezi kuendeshwa kwa usalama bila watu wanaopima vumbi, maji na gesi ya radoni kila siku, kwa miaka yote ya uchimbaji na mingi baada yake.

Hapo hapo pana kazi ambayo wahitimu wengi wa fizikia hawajawahi kuisikia: ukaguzi wa vyuma bila kuviharibu. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na limeunganishwa kwa kulehemu kipande kwa kipande. Kiungo kilicholehemiwa vibaya hakionekani kwa macho. Kinaonekana kwa mawimbi ya sauti yenye masafa ya juu au kwa mionzi. Anayefanya kazi hiyo anahitaji cheti cha ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9712. Mafunzo yake yanahesabiwa kwa wiki na saa za mazoezi, wala hayahitaji miaka mingine mitatu ya darasani. Aliyesoma mawimbi, mwakisiko na unyonywaji wa mionzi anaingia darasani huko akiwa amekwisha kujua nusu ya nadharia. Matangi, vyombo vya mvuke, madaraja na ndege vinahitaji ukaguzi huohuo.

Hali ya hewa ni fizikia ya maji na hewa juu ya sayari inayozunguka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilipewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya 2019, ina rada za mvua Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara na kwingineko, na Mei 2024 kila mvuvi wa Mafia na Kilwa alikuwa akifuatilia taarifa zake wakati Kimbunga Hidaya kikisogea pwani. Habari njema kwa mhitimu wa fizikia ni kwamba Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka bayana kiwango cha elimu ya mtabiri, na kinaweza kufikiwa kwa njia mbili: kusoma shahada ya hali ya hewa tangu mwanzo, au kuwa na shahada yenye fizikia na hisabati ya kutosha kisha kuongeza masomo ya uzamili ya fani hiyo. Njia ya pili ni fupi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za ukanda huu. Bado nafasi zinategemea bajeti, na TMA haiajiri kila mwaka kwa wingi. Lakini miradi ya umwagiliaji, bima ya mazao, usafiri wa anga na umeme wa maji yote sasa inanunua utabiri, na mtu anayeweza kuusoma akaueleza kwa lugha ya mkulima ana thamani nje ya mamlaka pia.

Kuhusu chini ya ardhi nitasema machache, kwa sababu pale mwanafizikia anagombea nafasi na wanajiolojia ambao wameandaliwa kwa kazi hiyo moja kwa moja. Jotoardhi la Olkaria limezalisha umeme tangu 1981, na kabla ya kuchimba kisima cha gharama kubwa lazima upime jinsi umeme unavyopita kwenye miamba ya chini, kazi ambayo ni sumaku na umeme mtupu. Tanzania inafuatilia jotoardhi Ngozi na Songwe, mkoani Mbeya na jirani yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na utafutaji wa gesi ni usomaji wa mawimbi yaliyotumwa chini yakarudi. Anayevutiwa asome jiofizikia katika shahada ya pili. Akibaki na shahada ya kwanza atabeba vifaa vya wengine kwa muda mrefu.

Sasa ualimu, ambao ndio unaowaajiri wengi kuliko kazi zote nilizotaja. Nimeuchelewesha kwa sababu wahitimu wengi huuzungumzia kama mahali pa kukimbilia ukishindwa kwingine, nami sikutaka usomwe kwa jicho hilo. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia haina mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wala PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Isipokuwa na PCB haipeleki mwanafunzi kwenye udaktari. Isipokuwa na PCM haipeleki mtu kwenye uhandisi. Mwalimu mmoja akikosekana katika shule ya kata, njia ya watoto wa kata nzima kwenda fani hizo imezibwa wakiwa kidato cha pili, nao hawajui kama kulikuwa na njia. Hakuna mtu mwingine katika orodha yangu ambaye kutokuwepo kwake kunagharimu kiasi hicho.

Hata hivyo kuna jambo linalochanganya, na lazima lisemwe. Walimu wa fizikia ni adimu, tena wahitimu wa fizikia wanakaa nyumbani bila ajira, yote kwa wakati mmoja. Maelezo yake ni kwamba upungufu wa walimu unahesabiwa kwa mahitaji ya shule, na ajira inahesabiwa kwa vibali na fungu la mishahara. Shule inaweza kuhitaji mwalimu miaka minne na kibali kisitoke. Anayesubiri asidhani amekataliwa kwa sababu ya somo lake. Ndani ya kila awamu ya ajira, masomo ya sayansi na hisabati ndiyo yanayopewa kipaumbele. Wakati huo shule binafsi zinaajiri mwaka mzima, na mwalimu wa fizikia anayeweza pia kufundisha hisabati hakosi mahali. Aliyesoma fizikia bila masomo ya ualimu anahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo Chuo Kikuu Huria na vyuo vingine vinaitoa. Huko Kenya, mhitimu hawezi kuingia darasani bila kusajiliwa na Tume ya Walimu, TSC, akiwa na masomo mawili ya kufundishia. Ombi langu kwa anayeingia huko ni moja: asiwaache wanafunzi wake wapike 9.81.

Kompyuta na takwimu zimechukua wahitimu wengi wa fizikia Ulaya na Marekani, kuanzia mabenki hadi kampuni za programu, na hapa kwetu mlango huo umeanza kufunguka kwenye simu, benki na bima. Yule anayechunguza miamala ya fedha kwa simu akitafuta wizi anafanya kile kile alichofanya mwanafunzi akitafuta ishara ndogo ndani ya kelele nyingi. Lakini tusidanganyane: hakuna benki itakayokuita kwa sababu ulipata A kwenye mekanika ya takwimu. Itakuita ukionyesha kazi. Mwanafunzi aliyejifunza Python akachukua takwimu za mvua za miaka 30 za mkoa wake, akazichambua, akaandika kurasa nne za kueleza masika yamebadilikaje, ana kitu cha kuweka mezani. Umeme wa jua nao una kazi, na Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa vifaa vya jua kwa miongo kadhaa ikishirikiana na Uppsala, Sweden. Ila anayetaka kufunga mifumo majumbani ajue kwamba ufungaji wa umeme una leseni ya EWURA, na leseni hiyo inatolewa kwa sifa za ufundi umeme.

Wanaotaka kubaki kwenye fizikia yenyewe wana njia nyembamba ila halisi. Kituo cha ICTP, kilichoanzishwa Trieste mwaka 1964 na Abdus Salam kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, kina stashahada ya mwaka mmoja ambayo wanaochaguliwa hugharamiwa. Tawi lake la ukanda huu, EAIFR, lilifunguliwa Kigali mwaka 2018, na limefanya shahada ya pili nzuri iwe karibu. Si lazima mtu afie maabara. Dk. Mohamed Gharib Bilal alisomea fizikia ya nyuklia Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, kisha Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia 2010 hadi 2015. Na Erasto Mpemba, ambaye jina lake liko kwenye vitabu vya fizikia dunia nzima kwa sababu mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa na akakataa kunyamazishwa, alikwenda kusomea wanyamapori Mweka na kufanya kazi idara hiyo. Makala aliyoandika pamoja na mwanafizikia Denis Osborne ilitoka mwaka 1969, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu alichokiona.

Kwa mwanafunzi anayesoma haya akiwa chuoni, wakati wa kuamua ni mwaka wa pili, kabla ya mafunzo kwa vitendo. Wengi hutafuta nafasi ya mafunzo mahali palipo karibu na nyumbani, au penye mjomba. Wiki nane katika maabara ya ugezi, kitengo cha mionzi cha hospitali au ofisi ya hali ya hewa zinaweza kukuonyesha kama unaipenda kazi hiyo, na zitakupa mtu mmoja ndani ya taasisi anayekujua kwa jina na anayeweza kukuandikia barua. Ukitoka huko utajua karatasi ya pili unayoihitaji ni ipi: uzamili wa fizikia tiba, cheti cha ukaguzi wa vyuma, stashahada ya ualimu, hali ya hewa. Usichukue zote. Kijana mwenye vyeti sita vya wiki moja moja anamfanya mwajiri ajiulize ni kipi hasa anachokiweza.

Na unapoomba kazi, soma tangazo mpaka mwisho. Matangazo mengi ya serikali, baada ya kutaja fani, huongeza "au sifa nyingine zinazolingana na hizo kutoka vyuo vinavyotambuliwa na Serikali". Mhitimu wa fizikia anaingilia hapo, ila lazima aonyeshe ulinganifu huo mwenyewe. Aandike kwenye barua masomo aliyoyasoma yanayogusa kazi ile, vifaa alivyotumia, na kipimo alichowahi kufanya na kiasi cha kosa lake; ofisa wa utumishi hajui kwamba somo liitwalo mbinu za majaribio lina ugezi ndani yake.

Upande mwingine wa mzigo huu uko kwa idara za fizikia na wanaoandika miundo ya utumishi. Muundo wa kada unaotaja uhandisi wa umeme, elektroniki na kemia kwa kazi ya ugezi, ukaacha fizikia, unaweza kurekebishwa kwa neno moja, na kurekebishwa huko kunaanzia kwenye barua ya mkuu wa idara ya chuo kwenda Ofisi ya Rais, Utumishi, ikiwa na orodha ya kozi na maelezo ya kila moja inafundisha nini. Idara zinazohitimisha vijana kila mwaka zina sababu ya kuiandika barua hiyo mwaka huu wa masomo, na kuifuatilia mpaka ijibiwe.